Shule Kwanza, Ofisi Baadaye: Kisa cha Francis Kéré

Mwaka 2004 Diébédo Francis Kéré alitimiza miaka 39, na ndiyo kwanza akahitimu ubunifu majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Ofisi hakuwa nayo. Kazi iliyomtambulisha ilikuwa shule ya msingi ya madarasa matatu, iliyojengwa kwa udongo kijijini kwao Gando, nchini Burkina Faso. Mwaka huohuo shule ile ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya ubunifu majengo, na mwaka uliofuata akafungua ofisi jijini Berlin, Kéré Architecture. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo katika fani hii inahesabiwa kuwa ya juu kabisa.

Habari zake husimuliwa sana kama hadithi ya mtoto wa kijijini aliyefika mbali. Ni hadithi ya kweli na inatia moyo. Lakini kijana mwenye ofisi ya watu wawili pale Mwanza au Kisumu, anayegombania kuchora ramani za nyumba kwa bei ya kutupa, haimwambii afanye nini kesho asubuhi. Ninachotaka kukichambua hapa ni mfuatano wa mambo: kipi kilitangulia, kipi kikafuata, na kila badiliko la maisha liliachia kazi yake kitu gani. Tumezoea kudhani kwamba ofisi huanza na usajili, chumba cha kupanga, kompyuta na bango mlangoni, kisha wateja wasubiriwe. Kéré alikuja kwa mlango mwingine. Siku anafungua ofisi, karibu kila kitu ambacho ofisi changa hukitafuta kwa miaka kumi kilikuwa kimeshapatikana: njia ya kujenga iliyojaribiwa mvuani na juani, mafundi waliofunzwa, watu wanaomwamini kwa fedha zao, na jengo ambalo mtu anaweza kwenda kulishika kwa mkono. Ofisi ilikuja mwisho, na kwa maoni yangu ndiyo maana ilisimama.

Alizaliwa Gando mwaka 1965, mtoto mkubwa wa kiume wa chifu wa kijiji. Shule haikuwepo. Baba yake alitaka apatikane mtoto mmoja wa kumsomea na kumwandikia barua, basi Francis akawa wa kwanza kijijini kupelekwa shule. Alikuwa na miaka saba alipoachana na mama yake kwenda kukaa mjini Tenkodogo. Darasani walizidi mia moja, ndani ya jengo la matofali ya saruji lisilo na mwanga wala hewa ya kutosha. Aliyesoma chini ya bati lisilo na dari, saa saba mchana mwezi wa pili, anajua maana yake: mwalimu anaongea, jasho linalowesha daftari, na hakuna kinachoingia kichwani.

Kuna jambo moja la utoto wake ambalo Kéré mwenyewe amelieleza hadharani, na mimi naliona ni la msingi katika kisa hiki. Kila alipomaliza likizo alizunguka kijiji kuaga nyumba kwa nyumba. Akina mama walikuwa wakifungua pindo za nguo zao na kumpa senti ya mwisho waliyokuwa nayo. Alipomuuliza mama yake sababu, aliambiwa kwamba wanachangia masomo yake, wakitumaini kwamba akifanikiwa atarudi kuwasaidia. Kwa macho ya biashara, kijiji kilikuwa kimelipa ada ya ubunifu miaka zaidi ya ishirini kabla ya mchoro wa kwanza kuchorwa. Mteja wake wa kwanza hakumtafuta kwa tangazo. Kéré ndiye aliyekuwa na deni kwake, na lilikuwa deni lenye masharti, yaani kurudi na kitu kinachofaa.

Mwaka 1985, akiwa na miaka ishirini, alipata ufadhili wa kwenda Berlin kujifunza useremala. Mchana alijifunza kutengeneza paa na samani, jioni akaingia darasani kumalizia sekondari. Aliendelea hivyo miaka mingi. Nafasi ya chuo kikuu, kwa ufadhili mwingine, aliipata mwaka 1995, akiwa na miaka thelathini.

Miaka hii kumi ndiyo ambayo watu huiruka wanaposimulia, nami nadhani ndiyo iliyobeba kisa chote. Fundi seremala aliyefunzwa Ujerumani ana maisha. Angeweza kubaki na mshahara wake, akatuma fedha nyumbani kila mwezi, na hakuna ambaye angemlaumu. Tena useremala wenyewe, ukiupeleka Burkina Faso, unakutana na nchi ya Sahel ambako mbao nzuri za kujengea ni adimu. Kwa hesabu ya haraka, mtu angesema alisomea fani isiyo na soko kwao. Lakini angalia alichokibeba: alijua paa linavyosimama, kenchi (fremu inayobeba paa) inavyogawa mzigo, na alijua kufanya kazi na watu wenye zana mkononi bila kuwapigia kelele. Baadaye, kipande cha jengo la Gando kilichostaajabisha wengi kuliko vingine kilikuwa paa. Aliyelibuni alikuwa ameanza maisha ya kazi kama fundi wa mapaa.

Hapa Afrika Mashariki tuna desturi mbaya ya kumwona anayebadili fani ukubwani kama mtu aliyepotea njia. Fundi akienda kusoma ubunifu majengo akiwa na miaka thelathini, ndugu wanauliza ataoa lini, atajenga lini. Kisa hiki kinaonyesha kwamba fani ya kwanza haitupwi. Mbunifu aliyewahi kushika msumeno anachora kitu ambacho msumeno unakiweza.

Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, Kéré aliunda chama cha kuchangisha fedha, Schulbausteine für Gando, ambacho leo kinaitwa Kéré Foundation. Lengo lilikuwa kukijengea kijiji shule. Hatua hii inafaa kutazamwa kwa makini, maana ndiyo iliyozaa biashara ingawa haikuwa biashara.

Ujerumani, jina la mbunifu majengo linalindwa na sheria. Huwezi kujiita hivyo mpaka uwe umeandikishwa kwenye chemba ya wabunifu, sawa na Tanzania ambako kuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana ofisi ya kufungua. Chama kilichosajiliwa, hata hivyo, kinaweza kuundwa na mwananchi yeyote mwenye wenzake wa kushirikiana naye, na kinaweza kupokea michango. Kwa hiyo Kéré alitumia mlango uliokuwa wazi.

La pili ni kubwa zaidi. Katika kazi zetu za kawaida mteja huja na vitu viwili kwa pamoja, haja na fedha. Gando ilikuwa na haja lakini fedha haina. Berlin kulikuwa na watu wenye fedha kidogo za kutoa, ila hawakuijua haja hiyo. Chama kiliziunganisha pande hizo mbili, na kwa kufanya hivyo kilimtengeneza mteja ambaye kabla ya hapo hakuwepo. Kwa maelezo ya Kéré mwenyewe, alikusanya takriban dola 50,000. Sisi tungeiita harambee, na tunaijua vizuri. Tofauti ni kwamba harambee zetu nyingi humaliza nguvu kwenye uchangishaji, mbunifu akaitwa mwishoni kuchora haraka kitu kinachofanana na shule zilizokwishajengwa. Hapa aliyechangisha na aliyebuni walikuwa mtu mmoja, na kila aliyetoa fedha alijua anatoa kwa ajili ya wazo fulani la jengo.

Sasa tufike kwenye ujenzi wenyewe.

Kéré alipowaambia watu wa Gando kwamba shule itajengwa kwa udongo, walishtuka. Wao udongo wanaujua. Nyumba ya udongo inabomoka masika, inakarabatiwa, inabomoka tena. Waliuliza kama hayo ndiyo aliyokwenda kusoma Ulaya miaka yote hiyo, wakati wenzake wanalima. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki kabisa, na kila mbunifu wa kwetu aliyewahi kumpendekezea mteja kitu kingine tofauti na tofali la bloku na bati la rangi ameshayasikia. Mteja anaogopa kuonekana maskini. Anaogopa pia hasara, na hofu hiyo ni ya maana zaidi.

Alichofanya Kéré ni kuonyesha. Badala ya kubishana kwa maneno walijenga mfano wa tao, watu wakapanda juu yake kulijaribu. Wafyatuaji wa matofali walifundishwa na wakala wa serikali ya Burkina Faso uitwao LOCOMAT jinsi ya kutengeneza matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Tanzania teknolojia ya ukoo huohuo imekuwa ikienezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kwenye matofali ya kufungamana, kwa hiyo msomaji wa Dodoma hana haja ya kusafiri kwenda kuiona. Tofali la aina hiyo halichomwi, halili kuni, na udongo wake unachimbwa hapohapo. Ukuta wake mnene unachelewa kupata joto.

Madarasa matatu yalipangwa mstari mmoja, na katikati ya darasa na darasa pakaachwa uwazi wenye paa, mahali pa kufundishia nje au kucheza kivulini. Juu ya kuta zikapita boriti za zege, juu ya boriti zikalazwa nondo, na juu ya nondo yakapangwa matofali yaleyale ya udongo kuwa dari. Hewa ya moto inapenya kwenye dari hiyo na kutoka. Halafu ndipo linakuja paa la bati, ambalo halikugusa dari. Limenyanyuliwa juu kwa kenchi nyepesi na kutokeza nje ya kuta, likizikinga na mvua na jua. Upepo unapita katikati ya bati na dari na kuondoka na joto ambalo Tenkodogo lilikuwa likiwashukia watoto vichwani.

Kenchi zile ndizo ninazotaka msomaji azitazame. Gando hakukuwa na winchi ya kunyanyulia vyuma vizito, na kusafirisha vyuma hivyo kungemaliza fedha. Basi kenchi zikatengenezwa kwa nondo za kawaida, zile zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, zikakatwa kwa msumeno wa mkono na kuungwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Kijana anajifunza kazi hiyo palepale. Kenchi ikikamilika, watu wanaibeba mabegani. Ubunifu huo hauonekani kwenye picha nzuri za magazetini, lakini ndio uliofanya jengo liwezekane. Mbunifu aliuliza kwanza kijijini kuna mikono ipi na zana zipi, kisha akachora.

Sakafu nayo ilikuwa ya udongo. Vijana walijipanga mstari wakaushindilia kwa saa nyingi. Baada yao wakaja akina mama, wameinama, wanapiga huku wakinyunyizia maji, tena kwa saa nyingi. Mwisho wakaja wa kusugua, jiwe mkononi, mpaka udongo ukawa laini. Wazee wa Lamu na Unguja watakumbuka sakafu za chokaa zilivyokuwa zikipigwa kwa vibao na nyimbo. Wanawake waliomwaga senti zao kutoka kwenye pindo za nguo sasa walikuwa wajenzi wa jengo lilelile walilolichangia. Watoto nao walibeba mawe ya msingi.

Shule ilikamilika mwaka 2001. Ilianza na wanafunzi wapatao 120, baadaye wakafika 700. Mamlaka za eneo zikakubali kutoa na kulipa walimu. Vijiji viwili vya jirani vikajenga shule zao kwa nguvu za pamoja. Vijana waliofunzwa Gando wakatafutwa kwa kazi za umma mjini, kwa teknolojia ileile. Hapo ndipo ninapoona mtaji wa kweli wa ofisi iliyokuja baadaye. Fedha za michango ziliingia kwenye ukuta zikaisha. Kilichobaki ni kikosi cha mafundi, na mbunifu mwenye kikosi ana kitu ambacho mwenye michoro mitupu hana. Anajua gharama halisi ya kila kitu, kwa kuwa amekiona kikijengwa. Anajua pia nani wa kumwita.

Halafu ukaja mwaka 2004, tuzo na shahada kwa mpigo. Tuzo ya Aga Khan hutolewa kila baada ya miaka mitatu, na wakaguzi wake huenda kwenye majengo yenyewe, wanahoji wanaoyatumia. Kwa hiyo ilikuwa imethibitisha mambo ambayo mteja mpya angetaka kuyathibitisha: kwamba jengo lipo, linatumika, na halikubomoka masika. Ofisi ikafunguliwa mwaka 2005. Kazi zilizofuata hazikutoka hewani. Mwaka 2007 ilikamilika shule ya sekondari ya Dano, ndani ya Burkina Faso, ambako alitumia mawe ya laterite yaliyochimbwa huko. Mwaka 2010 Hifadhi ya Taifa ya Mali, jijini Bamako, ikapata majengo yake kwa kazi iliyodhaminiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Msururu huo unasomeka bila taabu: shule moja ikazaa tuzo, na taasisi iliyohusika na tuzo ikawa na sababu ya kumwamini kwa kazi kubwa zaidi.

Hapa pana jambo ambalo wenye ofisi ndogo hawapendi kulisikia. Kati ya kuunda chama na kufungua ofisi ilipita miaka saba. Kati ya kutoka Burkina Faso na kufungua ofisi ilipita miaka ishirini. Katika muda huo wote hakuishi kwa ada za ubunifu. Alikuwa na ufadhili na fani yake ya kwanza, na baadaye kufundisha kukaongezeka: alifundisha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akaenda Harvard na Mendrisio nchini Uswisi, na mwaka 2017 akawa profesa Munich. Mimi nasoma hilo kama uamuzi wa kiuchumi uliolinda ubora. Mtu mwenye kipato kingine anaweza kumkatalia mteja asiyefaa. Mwenye ofisi ambaye kodi ya pango inamngoja tarehe moja hukubali kila kitu, na baada ya miaka mitano anajikuta na majengo arobaini ambayo hata moja hawezi kulionyesha kwa fahari. Nimewaona wenzangu wazuri wakimezwa hivyo, na inaniuma kila mara.

Kuna pia suala la kutenganisha mifuko. Chama kilibaki chama na ofisi ikawa ofisi. Gando iliendelea kujengewa kupitia michango: nyumba za walimu mwaka 2004, upanuzi wa shule mwaka 2008, na maktaba ambayo kwenye dari yake viliwekwa vyungu vya udongo vilivyofinyangwa na akina mama wa kijiji, vikakatwa matako ili vipitishe mwanga na hewa. Kazi za kulipwa zikapita ofisini. Ofisi nyingi za kwetu zenye moyo wa kusaidia huanguka hapa. Mradi wa kanisa au wa kijiji unafanywa kwa fedha za mteja anayelipa, au ada ya mteja inazibwa kwa msaada, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua kama ofisi ina faida au hasara. Ukitaka kutoa sadaka ya kazi yako, itoe kwenye daftari lake.

Kisa kina pia mtikisiko ambao ungeweza kuiangusha ofisi changa. Christoph Schlingensief, mwongozaji wa tamthilia na filamu kutoka Ujerumani, alikuwa na ndoto ya kujenga kijiji cha opera Afrika, na Kéré akawa mbunifu wake. Jiwe la msingi liliwekwa Laongo, karibu na Ouagadougou, Februari 2010. Agosti mwaka huohuo Schlingensief akafariki kwa saratani. Mteja aliyebeba wazo, jina na uchangishaji ameondoka, na msingi ndio kwanza umechimbwa. Mradi haukufa, kwa kuwa haukuanza na ukumbi wa opera. Ulianza na vitu vinavyotumika mara moja: shule iliyofunguliwa 2011, nyumba, na baadaye zahanati. Mjane wake, Aino Laberenz, akaendelea kuuongoza. Kama wangeanza na ukumbi mkubwa katikati, leo pangekuwa na nguzo tupu porini. Kwa mbunifu wa mradi wa hisani, mpangilio wa awamu ni bima. Kila awamu iweze kusimama na kutumika hata kama inayofuata haitakuja kamwe.

Sitaki msomaji adhani kila kitu hapa kinaigika. Berlin ilimpa Kéré ufadhili mara mbili, chuo kizuri, na mzunguko wa watu wenye uwezo wa kuchangia. Mtoto wa chifu anaporudi kijijini na kusema tujenge, anasikilizwa hata na wasiokubaliana naye. Mtu mwingine angefukuzwa siku ile ya kutaja udongo. Pia ofisi yenye jina la mtu mmoja, ambayo kila anayeitaka anamtaka yeye, ina udhaifu wake. Na kazi ya namna hii ni ya polepole, inahitaji mbunifu awepo eneo la ujenzi kwa muda ambao ada ya kawaida hailipii.

Kwetu kazi yake ya karibu ipo Kenya. Mwaka 2021 ilikamilika kampasi ya Startup Lions ukingoni mwa Ziwa Turkana, mahali ambapo vijana wanafundishwa kazi za kompyuta. Turkana ni joto na vumbi, na vumbi na kompyuta havipatani. Kampasi ilijengwa kwa mawe ya hukohuko, na juu yake imesimama minara mirefu iliyochukua umbo la vichuguu vya mchwa ambavyo vimejaa eneo lile. Hewa ya moto inapanda na kutoka kwenye minara, hewa baridi zaidi inaingia kwa matundu ya chini. Ukiilinganisha na Gando utaona ni swali lilelile la darasa la Tenkodogo, limejibiwa kwa mawe badala ya udongo na kwa mnara badala ya bati lililoinuliwa. Ofisi hii imelima shamba moja tangu mwanzo. Wateja wamebadilika, nchi zimebadilika, lakini swali la namna ya kumtoa mtu kwenye joto bila umeme mwingi, kwa vifaa vya karibu na mikono ya karibu, halijaachwa.

Ndiyo maana nawasihi vijana wanaomaliza Chuo Kikuu Ardhi au Chuo Kikuu cha Nairobi wasiione miaka ya kufanya kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa, kabla ya mitihani ya bodi, kama miaka ya kungoja. Sheria haikuruhusu kufungua ofisi bado, lakini haikukatazi kuchagua tatizo moja la ujenzi la mahali unapopajua na kuanza kulifanyia kazi. Dari ya madarasa ya shule za kata ni tatizo. Maji ya mvua kwenye viwanja vya mteremko wa Mwanza ni tatizo. Choo cha shule kinachojaa baada ya miaka mitatu ni tatizo. Tafuta fundi mmoja mwenye akili ya kujaribu, jengeni kipande kimoja kwa ukubwa wake halisi, mkiache kipigwe na mvua ya msimu mzima, andikeni gharama yake shilingi kwa shilingi. Mbunifu aliyesajiliwa unayefanya naye kazi asaini kinachohitaji saini. Siku cheti chako kitakapotoka, utakuwa na kipande hicho cha kumpeleka mteja akakiguse, na fundi wa kumpigia simu.